Kodi Kubwa

Injini ya kukoboa mpunga haipendi kukimbizwa. Ikishafanya kazi asubuhi nzima, maji ya kwenye pipa lake yanachemka, mvuke unaanza kupanda, na usipoizima kwa hiari yako itajizima yenyewe kwa hasira. Kwa hiyo kila mchana nilikuwa naizima, napunguza maji ya moto, naongeza ya kisima, kisha nasubiri chuma kipoe. Wanawake walioleta mpunga walikwenda kuswali au kutazama chungu nyumbani, nami nikabaki peke yangu bandani, masikio yakivuma. Huo ndio uliokuwa muda wangu wa gitaa. Sikuwa na mwingine. Asubuhi ni kazi, alasiri ni kazi, na jioni mwili mzima ni vumbi la pumba na mikono bado inatetemeka kwa mtikisiko wa injini. Kushika kijiko kwenyewe ni shida, sembuse nyuzi.

Banda lilikuwa kwenye kisiwa kimoja cha delta, ng'ambo ya Nyamisati, mahali ambapo boti huingia maji yakijaa na kuondoka kabla hayajatoka. Mashine haikuwa yangu. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kibiti, aliyeona kwamba kule watu wanalima mpunga mwingi na kukoboa kwa taabu, akanunua injini kuukuu, akaipakia kwenye boti, akanipakia na mimi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa Kibiti. Kabla ya hapo nilichoka kukaa Ruaruke, nilikokuwa nikinunua korosho kwa niaba ya mtu mwingine, na kabla ya Ruaruke nilichoka Umwe, nilikokuwa fundi baiskeli. Nilimaliza kidato cha nne, na barua ya kuomba kazi najua kuiandika vizuri. Lakini nikipimwa kwa kile nilichokifanya mara nyingi zaidi maishani, basi mimi ni mfunga mabegi.

Gitaa nililipata Kibiti. Chumba kilichopakana na changu alipanga mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, aliyekuwa akipiga gitaa kanisani kwao. Jioni alikaa barazani kufanya mazoezi, nami nikakaa naye, mwanzoni kwa kukosa la kufanya tu. Alipopata gitaa jipya, lile la zamani akanipa mimi. Lilikuwa na ufa tumboni, umezibwa kwa gundi ya mbao.

"Chukua, jirani," aliniambia. "Angalau safari hii ukihama utakuwa na mzigo."

Alinifundisha kodi. Kodi, alinieleza, ni pale vidole vya mkono wa kushoto vinapobana nyuzi kwa pamoja mahali fulani, ili ukizigonga zote zilie kama sauti moja. Ndivyo wapigaji wanavyoita. Alinionyesha mbili rahisi, halafu akanionyesha moja ngumu, halafu nikapanda boti.

Sikutaka kupiga nyimbo za redioni. Nilitaka wimbo mmoja tu. Nilizaliwa Ngorongo, bondeni, na kila mwaka mpunga ulipoanza kubeba, mama alituchukua kwenda kuamia ndege. Tulikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mashamba, kamba zikitoka kwetu kwenda pande zote, makopo yakining'inia kwenye kamba. Ndege wakishuka, tunavuta, makopo yanalia, wanaruka. Mama alivuta kamba na huku anaimba. Wimbo haukuwa na maneno. Ulikuwa sauti tu, inapanda, inakaa kidogo kule juu, inapinda, halafu inashuka. Sijausikia kwa mtu mwingine yeyote. Mama alishafariki, shamba lenyewe mto ulikwishalichukua, na siku moja nilipompigia simu dada yangu, anayeishi huko upande wa Somanga, nikamwuliza kama anaukumbuka, akanirudishia swali.

"Mama? Mama alikuwa anaimba? Mimi nakumbuka anawafokea ndege tu."

Basi nikajua nimebaki mimi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuupoteza. Mwanzo wake ninao, kule kupanda na kule kukaa. Lakini pale panapopinda nikawa sina hakika. Nikiimba kwa mdomo, siku moja unashuka hivi, siku nyingine vile. Mwalimu alinisikiliza nikiimba barazani akasema sehemu ile ya kupinda inataka kodi ya tatu, ile ngumu, na nikiipata kodi, sauti itajua yenyewe pa kwenda. Niliondoka Kibiti na neno hilo. Nilijiambia kwamba popote nitakapotupwa safari hii sitaondoka mpaka wimbo wa mama utoke mzima kwenye nyuzi. Nikiondoka kabla, ndio basi tena, hautakuwepo popote.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kunidanganya. Ncha za vidole ziliuma, zikachubuka, zikaota sugu. Kodi zile mbili zikaanza kutoka bila kuziangalia. Nikapanda na wimbo, nikakaa nao kule juu. Kisha nikasimama. Kodi ya tatu inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita na kuzibana, huku vingine vitatu vikienda kila kimoja mahali pake. Mimi nikilaza kidole, nyuzi mbili zinalia, nne zinatoa sauti ya mtu anayegonga ubao. Mpaka nipange vidole upya, wimbo umeshakufa. Narudi mwanzoni. Napanda vizuri, nakaa vizuri, nafika pale pale, ubao. Leo hivyo, kesho hivyo. Mvua za vuli zilipita nikiwa pale pale.

Mtu akikwama kwenye kitu akiwa na watu, anacheka nao, yanapita. Mimi nilikuwa na chumba cha nyuma ya banda, kitanda cha kamba, na ukuta uliopakana na pumba. Maji yakitoka, mikoko inabaki na tope, na tope lile linatoa sauti ndogo ndogo za kupasuka, mchana kutwa, kama mtu anayetafuna. Huyo ndiye aliyekuwa jirani yangu.

Mtandao wa simu ulipatikana bandarini tu, ukisimama juu ya gogo la mkoko lililolala karibu na mahali boti zinapofunga. Na hata hapo ulikuwa mtandao wa kupiga kelele. Siku ambazo watu walikuwa wengi, boti zikipakia, nilisimama juu ya gogo langu nikampelekea mwalimu ujumbe wa sauti kwa nguvu zote.

"Mwalimu, hizi kodi ndogo nimeshazimaliza! Sasa zinatoka zenyewe, bila nguvu! Imebaki ile kubwa! Ile nikiikamata tu, kazi yangu hapa imekwisha, naondoka!"

Majibu yake niliyafungulia spika, kwa sababu upepo ulikuwa unayala.

"Bana, jirani! Bana zote kwa pamoja! Ukiachia hata moja, hiyo kodi haitoki! Usivionee huruma, mwanzo vinauma, baadaye vitazoea!"

Nilikuwa nimefurahi kusikia sauti ya mtu anayenijua. Sikuangalia nani amesimama karibu.

Baada ya hapo kisiwa kikanigeukia mgongo. Sikuelewa. Salamu zikawa fupi. Niliposogea bandarini, maneno yaliyokuwa yakiendelea yalikatika, mtu akaanza kutazama kamba ya mtumbwi wake kama anaiona kwa mara ya kwanza. Mbaya zaidi, mpunga ukaacha kuja. Wakati ule watu walikuwa wametoka kuvuna, ungetegemea foleni mpaka nje ya banda, lakini walikuja wawili watatu na vibakuli, kama watu wanaokuja kuonja. Halafu asubuhi moja nikaamka nikasikia vinu. Kilianza kimoja kwa mbali, kikajibu kingine, mpaka kijiji kizima kikawa kinatwanga. Wanawake waliokuwa na mashine hatua chache kutoka mlangoni walikuwa wamerudi kwenye mchi. Nilikaa kwenye ngazi ya banda nikisikiliza. Kila pigo nililiona kama linanipiga mimi.

Nilidhani ni gitaa. Ndilo jambo la kwanza lililonijia, maana banda halikuwa mbali na msikiti, na mimi, Mwislamu mwenzao, ndiye nimeleta nyuzi. Nikaanza kujificha. Nilikunja kipande cha kanga kuukuu nikakisokomeza chini ya nyuzi ili zisilie, nikawa nabana kodi kimya kimya, bila sauti, mkono wa kulia umetulia pajani. Hakuna aliyerudi. Nikaacha kwenda bandarini. Hakuna aliyeuliza niko wapi.

Tajiri akapiga. Nilikuta simu zake nyingi siku niliporudi kwenye gogo, nikampigia.

"Mashine imekufa?" aliuliza kabla ya salamu.

"Haijafa, tajiri. Nzima kabisa."

"Wewe umekufa?"

"Mimi nipo."

"Sasa kama mashine nzima na wewe upo, mpunga unakobolewa na nani? Na majini?"

Nikamwambia watu wanatwanga. Alicheka kicheko kisicho na furaha. Akasema mwezi ukiandama hali ikiwa hivyo hivyo atatuma boti ije kuichukua injini aipeleke Ikwiriri, na mimi nikitaka nipande nayo, nisipotaka nibaki nitwange nao.

Ungefikiri basi angalau gitaa lilifaidi. Injini baridi kutwa, mimi nimekaa, hakuna wa kunisumbua. Muda niliokuwa nikiulilia nilipewa wote. Nilipiga asubuhi mpaka alasiri, na sikusogea hata unyoya. Nilikuwa naanza wimbo, napanda, nafurahia kule kupanda, nafika kwenye kupinda, nakufa, naanza tena. Mwisho hata zile kodi mbili zikaanza kuniharibikia. Vidole vilikuwa vinauma, na roho ilishaanza kufanya ile kazi inayoijua vizuri. Nilijikuta natazama begi. Nilijikuta nakumbuka Umwe kwa wema kabisa, jinsi asubuhi zilivyokuwa na ubaridi, jinsi watu walivyoniita fundi. Sikukumbuka kwamba nilipokuwa Umwe niliikumbuka Ngorongo. Mahali nilipo ndipo pekee nisipoweza kupakumbuka vizuri.

Mtu mmoja tu hakuwa amenitupa. Alikuwa mama aliyepika vitumbua kando ya banda. Aliweka jiko lake pale kwa ajili ya watu wa foleni, na foleni ilipokufa na yeye biashara ikafa, lakini aliendelea kuja, nadhani kwa ubishi. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. Kwa muda alinipa vitumbua vyangu bila maneno. Siku moja aliweka sahani, hakuondoka.

"Kaka, nikuulize jambo. Usinikasirikie."

"Uliza, dada."

"Hiyo kodi kubwa unaikamata lini?"

Nilishangaa ajue mambo ya kodi. Nikafurahi, hata. "Sijui," nikamwambia. "Inanishinda. Nimebana mpaka nimechoka."

Akashika kiuno. "Haya, kama inakushinda si uache? Watu wenyewe hawa wana nini cha kubanwa? Mpunga wa mwaka huu nusu umeliwa na ndege, nusu na maji ya chumvi. Na huyo mkubwa wako anayekwambia usiwaonee huruma, yeye ana mama?"

"Mkubwa wangu nani?"

"Huyo wa kwenye simu! Tulimsikia sote. Bana wote, usiachie hata mmoja, wataumia halafu watazoea. Bandari nzima imesikia. Sisi si viziwi, kaka."

Nilibaki na kitumbua mkononi. Kikaanza kunidondokea mafuta.

"Na wanasema," akaendelea, sasa ameanza hakunyamaza, "wanasema wewe si fundi mashine. Mashine ni danganya toto. Umewekwa hapo uone nani ameleta viroba vingapi, ukaseme, halafu waje watu wa ushuru na boti. Ndio maana hatuleti. Mimi nikawaambia, jamani, mtu wa kodi gani anafua nguo zake mwenyewe? Wakaniambia hao ndio wabaya zaidi."

Niliingia chumbani. Nadhani alifikiri nimekwenda kuleta karatasi za serikali, maana nilipotoka alikuwa amesimama karibu na njia. Nilikuwa na gitaa. Nikatoa kile kipande cha kanga, nikakaa, nikabana.

"Hii kodi," nikasema, nikagonga. "Hii nyingine, kodi. Hizi ndizo ndogo, nimezimaliza. Na hii," nikalaza kidole, nikagonga, ubao ukalia, "hii ndiyo kubwa. Inanishinda. Zinazobanwa ni nyuzi. Zipo sita, hizi hapa. Na mkubwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anapiga kanisani."

Alinitazama mimi, akalitazama gitaa, akanitazama tena.

"Hiyo?"

"Hii."

"Hiyo ndiyo kodi kubwa?"

Alianza kucheka polepole, kama mtu anayejizuia, halafu akashindwa. Alikaa chini mchangani, mguu mmoja ukapiga ndoo ya unga, akaacha tu imwagike. "Yallah! Watu wametwanga mpaka viganja vimeota sugu! Shangazi yangu mimi ameficha viroba vyake chini ya kitanda cha mgonjwa! Kumbe kodi yenyewe ina matundu, ina nyuzi, ina mkono wa mbao!" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na hicho kidole si cha shahada hicho? Unakilaza hivyo juu ya nyuzi, hakioni haya?"

"Na gitaa?" nikamwuliza. "Hawakuchukia gitaa?"

"Gitaa nani amelisikia? Upepo wote unakwenda mtoni. Tulijua una redio mbovu."

Habari ilisambaa kabla ya alasiri. Kesho yake vinu vilinyamaza, na viroba vikaanza kuja vichwani, vingi, na kila aliyetua kiroba alikuwa na lake la kusema. "Fundi, nimeleta mwenyewe, usinibane." "Fundi, hii ni nusu ya mavuno, nusu nimeficha, andika." Bibi mmoja aliyekuwa hacheki kabisa alisimama mbele yangu akanyoosha mkono, akaomba aone sugu zangu. Nikamwonyesha ncha za vidole. Akanionyesha viganja vyake. "Umetutia hasara, mjukuu wangu," akasema, akaenda kukaa kwenye foleni.

Nilicheka nao. Lakini watu wakikutania wote kwa pamoja bado uko upande mmoja, wao upande wa pili. Mchele ukishatoka waliufunga, wakabeba, wakaenda makwao kwenye mazungumzo yaliyoanza kabla sijafika kisiwani. Nilibaki kufagia pumba. Boti ya tajiri haikuja kuchukua injini. Hilo nililishukuru, na shukrani yenyewe sikuwa na wa kumwambia.

Na muda ukaisha. Foleni ilikuwa kubwa kiasi kwamba injini ilipopumzika nilikuwa nimebaki na kipande kidogo tu cha mchana kabla hawajarudi kunigongea mlango. Nikaenda kwenye gogo nikamwambia mwalimu, safari hii kwa sauti ya chini, karibu na mdomo. Nikamwambia sasa ndio nimekwisha, nilipokuwa na siku nzima sikuweza, sembuse sasa. Nikamrekodia wimbo ili asikie ninapofia.

Alijibu jioni. Nyuma yake watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele.

"Jirani, nimekusikiliza. Unapiga mwanzo vizuri sana. Tatizo ni hilo. Kila siku unatoka nyumbani, unatembea njia nzima unayoijua, unafika mtoni umechoka, unaangalia maji, unarudi nyumbani. Kesho unatoka nyumbani tena. Acha. Usipige wimbo. Huo mwanzo usiuguse kabisa. Kesho anzia mtoni. Piga kodi ya pili, ingia ya tatu. Toka ya tatu, rudi ya pili. Basi. Ukimaliza weka chini gitaa, kasage unga wako."

"Nakoboa mpunga," nikajibu, peke yangu, ujumbe ukiwa umeshaisha.

Nilikasirika kidogo, kwa sababu mwanzo wa wimbo ndio niliokuwa naupenda. Ndio uliokuwa ukinipa mama. Hapo mtoni hapakuwa na mama, palikuwa na ubao. Lakini muda haukunipa nafasi ya kubishana. Nilizima injini, nikaongeza maji, nikakaa, nikaanzia pale pabaya. Kodi ya pili, kodi ya tatu. Nikaona mambo ambayo sikuwahi kuyaona nilipokuwa nafika pale nimetoka mbali. Niliona kwamba kidole cha shahada nilikuwa nakilaza kifudifudi, kwa tumbo lake laini, na nyuzi zilikuwa zinazama kwenye mikunjo ya kidole. Nikakigeuza kidogo, kilale ubavu, upande wenye mfupa. Uzi mmoja ukaamka. Niliona kwamba nilikuwa nabana mbali na kile chuma cha shingoni. Nikasogea karibu nacho, nguvu ikapungua, sauti ikaongezeka. Niliona kwamba kiwiko kilikuwa hewani. Nikakirudisha ubavuni. Na mambo haya hayakuja pamoja. Siku moja lilikuja moja, nikasikia mlango unagongwa, nikalala nalo mpaka kesho.

Wakati wa adhana na swala nilirudisha kipande cha kanga chini ya nyuzi, kwa heshima tu, maana nilishajua hawasikii. Hapo nilihamisha mkono wa kushoto peke yake, toka ya pili kwenda ya tatu, bila sauti. Ilikuwa kazi ya kipumbavu ukiitazama. Mtu mzima amekaa kwenye pumba, ameshika gitaa bubu. Lakini pasipo na sauti hapakuwa na ubao wa kunikatisha tamaa, na vidole vikajifunza njia kama miguu inavyojifunza njia ya chooni gizani.

Wanawake wakazoea kuwahi kurudi. Walikaa juu ya viroba vyao wakanitazama.

"Fundi, huo wimbo una maneno mawili tu?"

"Hauna hata moja."

"Basi ndio maana. Umeuanza hujui unataka kusema nini."

"Mwache, anaibembeleza kodi ilipwe."

Sikumbuki siku kodi ya tatu ilipotoka nzima kwa mara ya kwanza. Nilitegemea ingekuwa siku ya kuikumbuka. Nadhani ilitoka mara moja kati ya nyingi mbovu, halafu mbovu zikapungua. Nakumbuka tu kwamba mchana mmoja niligundua sikuwa nikiitazama shingo ya gitaa, nilikuwa naangalia bata wa mtu akipita mlangoni, na mkono ulikuwa unakwenda na kurudi.

Hata hivyo sikuugusa mwanzo. Niliogopa. Niliona nikiuunganisha na hapa pa kupinda nitajua kama kweli mama alikuwa anashuka hivi, au kama nilikwishampoteza. Nikaahirisha. Nilisema kesho, kesho ikaja nikasema foleni kubwa. Tajiri akapiga siku hizo hizo, safari hii amesalimia kwanza, akaniambia amepata mashine nyingine mpya, anaifunga barabarani, pana umeme, pana watu, akasema fundi wake wa kwanza ni mimi nikitaka. Zamani ningekuwa nimeshafunga begi kabla hajamaliza. Nilimwambia anipe muda. Akauliza wa nini. Nikamwambia kuna kazi sijaimaliza. Akauliza kazi gani, mpunga si umepungua? Nikasema mtandao unakata.

Kisha ikanyesha mvua moja kubwa ya mchana. Injini imezimwa, pipa linatoa mvuke, na wanawake hawakuweza kwenda popote. Walijibanza bandani wote, mama wa vitumbua na jiko lake wakaingia ndani, moshi ukatujaa. Sikuwa na pa kwenda kujificha. Nikachukua gitaa, nikaanza mwanzoni.

Ulipanda. Ukakaa. Kidole cha shahada kikalala ubavu, nyuzi zote sita zikalia, wimbo ukapinda, na mdomo wangu ambao ulikuwa umefungwa ukafunguka wenyewe na kushuka nao. Haukushuka hivi wala vile, njia zile mbili nilizokuwa nikizishuku. Ulikwenda njia ya tatu, chini zaidi, na nilipoisikia nilijua papo hapo, kama unavyojua sauti ya mtu mlangoni kabla hajataja jina.

Halafu ukaisha. Nilibaki nimeshika gitaa. Ulikuwa mfupi sana. Miaka yote hii nilikuwa na wimbo mrefu, wa mchana mzima, unaoanza jua likiwa juu ya mashamba na kuisha tunaposhuka ngazi. Kumbe ulikuwa pumzi tatu nne tu.

"Ndio huo?" akauliza mama wa vitumbua. Alikuwa anapepea jiko kwa mfuniko wa ndoo.

"Ndio huo."

"Wote?"

"Wote. Mama yangu alikuwa anauimba shambani, akiamia ndege."

"Mbona mfupi hivyo? Ndege si wanarudi?"

Nilifikiri. "Alikuwa anaurudia," nikasema. "Nadhani alikuwa anaurudia kutwa."

"Basi rudia. Mvua yenyewe hii unaiona."

Nikarudia. Mara ya kwanza walinisikiliza wote, hata yule bibi asiyecheka, ambaye alitikisa kichwa kidogo. Nikarudia tena. Mara ya tatu mama wa vitumbua alikuwa ameshaanza kubishana na jirani yake kuhusu kuku aliyetaga nyumba ya watu, na wengine wakaingilia, kila mmoja na upande wake, sauti zikapanda juu ya mvua. Hakuna aliyekuwa akinisikiliza tena. Nikaendelea kupiga, napanda, nakaa, napinda, nashuka, katikati ya ugomvi wa kuku. Nikatambua kwamba hivyo ndivyo ulivyokuwa hasa. Mama aliimba hivyo hivyo, na sisi watoto wake tulikuwa pembeni yake tukigombania kamba.